Sauti ya Tatu

Kwaya Ebeneza ilianza kupukutika mwishoni mwa mwaka 2008, bei ya shaba ilipoanguka, na anayedhani mambo hayo mawili hayahusiani hajawahi kuishi Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kwenye barabara ya Likasi kilifungwa Jumatatu. Wenyewe walipanda ndege, wakaacha kufuli na mlinzi asiye na mshahara. Kufikia Jumapili, Chanda na mkewe walikuwa wameshavuka mpaka pale Mokambo kwenda kubahatisha maisha Zambia, na kwa safari hiyo moja kwaya ikapoteza besi na soprano. Wakafuata wengine. Huyu alihamia Annexe, pembezoni mwa mji, kulima mahindi, mbali kiasi kwamba kuja mazoezini kulimmalizia siku. Yule alirudi Kasai bila kuaga, akaacha joho lake la kwaya limetundikwa msumarini kanisani, likakaa hapo mpaka panya wakalifanya nyumba.

Edmond, mwalimu wa kwaya hiyo, alikuwa karani wa mizani katika kiwanda hicho hicho. Watu walimwita maestro, kama wanavyoitwa walimu wote wa kwaya mjini humo, hata wale wasiojua do imelalia wapi. Yeye alijua. Alikuwa Mkasai aliyezaliwa Likasi, mtoto wa mwalimu wa kwaya, na alikuwa kijana wa shule pale Wakasai walipofukuzwa Katanga, miaka ya tisini. Aliiona kwaya ya baba yake ikilala stesheni juu ya mabunda ya nguo, ikipungua kila treni ilipoondoka, huku mzee akihesabu midomo iliyobaki. Nyimbo zile hakuna aliyeziandika wala kuzirekodi. Leo hakuna anayezijua, na Edmond mwenyewe anakumbuka vipande tu, tena vya besi.

Kwa hiyo kiwanda kilipofungwa, wenzake waliwaza unga. Yeye aliwaza unga na nyimbo, na mkewe Claudine alimwambia usoni kwamba nyimbo zilitangulia.

Alichokitaka ni MP3, kile kidude cha muziki kinachoenea mfukoni, chenye tundu la maikrofoni. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza: kila sauti aiingize peke yake, wimbo kwa wimbo, ili mtu akiondoka, atakayeshika nafasi yake ajifunze kwa masikio. Kwaya za huko hujifunza kwa masikio. Wanaosoma noti ni wachache, na husemwa kuwa wanajidai.

Walikwenda soko la Kenya, mtaa wa hapo hapo Lubumbashi, wawili, yeye na Claudine, kwenye duka la Bénit. Bénit alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, mwuzaji wa jumla ambaye zamani hakukubali kukuuzia chini ya katoni. Siku hizo aliuza kimoja kimoja, na uso aliokufanyia ulikuwa wa mtu anayetoa damu. Aliweka vidude viwili juu ya meza.

"Maestro, hii njo muzuri," alisema, akikisukuma kile kilichong'aa. "Angalia ekra yake, iko na rangi. Hata filimu utaangalia."

"Inakulaka nini?" Claudine akauliza.

"Kula namna gani, mama?"

"Kuran, papa," Claudine akasema, akionyesha waya wa umeme ukutani. "Inakulaka kuran ya wapi?"

"Unaiunga ku ordinateur," Bénit akasema, akielekeza kidole kwenye kompyuta yake.

"Na ordinateur inakulaka kuran ya wapi? Ku Naviundu kwetu kuran inakuyaka kama mugeni. Inasalimia, inaenda."

Bénit alicheka bila kupenda. Edmond akachukua kile cha pili, plastiki ya kijivu, nene kama kidole gumba, chenye kioo cha mstari mmoja wa maandishi. Hakikuwa na sura. Lakini kilikula betri moja nyembamba ya kununua kibandani, na maikrofoni yake ilikuwa na masikio. Edmond alinong'ona ndani yake, akajisikiliza, akatabasamu mara ya kwanza tangu kiwanda kufungwa.

"Ile tumbo yake iko kidogo, maestro," Bénit akamwonya. "Ikijaa, utafuta bimoja juu ya kuingiza bingine."

"Haina shida," Edmond akasema, na wakaondoka nacho.

Tangu hapo mtu na kidude wakawa pete na kidole. Alikivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, ndani ya shati. Betri ikichoka aliianika juani juu ya bati, ikachangamka kidogo, akaianika tena. Sikio la kulia la waya lilikufa mapema, akabaki na la kushoto. Asubuhi alipotoka kwenda kuomba kazi huku na huko, mtu mzima na suti yake ya harusi, watoto walimcheka: hana kazi lakini muziki sikioni! Hawakujua anachosikiliza. Alisikiliza alto peke yake, kisha besi peke yake, kisha soprano. Kidude hakikuweza kuimba sauti zote kwa pamoja, kwa hiyo kila wimbo aliusikia umekatwa vipande, na kuuunganisha ilikuwa kazi ya kichwa chake mwenyewe. Aliifanya kazi hiyo njia nzima. Alikuwa akirudi nyumbani hana mbele wala nyuma, ila kwaya iko kamili.

Sauti iliyokuwa ya thamani kuliko zote ni sauti ya tatu, yaani tenor, na sauti ya tatu ilikuwa Paluku. Wengine walikuwepo, lakini walimfuata yeye kama mabehewa. Paluku alikuwa Mnande wa Butembo, huko Kivu ya Kaskazini, dereva wa lori la tajiri mmoja wa kwao, akipakia unga kutoka Zambia. Alikuwa jitu lenye aibu. Alikuwa na kasoro mbili ambazo Edmond alipigana nazo miaka yote: alivuta pumzi kwa kishindo katikati ya mstari, na noti ya juu aliifikia kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Mkewe aliimba alto, mstari wa mbele. Alikuwa mwanamke mkimya, mwenye sauti nyembamba iliyonyooka, na wote walimwita mama Abigaëlle, kwa jina la binti yao.

Mwezi wa kumi na moja vita vilipamba moto kule Kivu, na Paluku akaja kuaga.

"Maestro, naenda kutosha mama mu vita kule kijijini," alisema. "Eko peke yake, na miguu haiko tena miguu. Ma-Nande benzangu beko na lori, itazunguka Zambia, Tanzania, Uganda. Noeli nitakuwa hapa."

"Utarudi kweli?"

"Sasa nikose Noeli, nani ataniombea ruhusa kwa mama Abigaëlle?"

Edmond hakumwachia aende hivi hivi. Alitundika blanketi dirishani mwa chumba cha kulala, akamketisha Paluku kitandani, akamwekea kidude mkononi na kumwonyesha kitufe. Paluku akamtazama, akainamisha kichwa.

"Utoke, maestro. Ukiniangalia, sauti inakimbia."

Edmond alitoka, akakaa uani na Claudine. Walisikia nyimbo zote zikipita, sauti ya tatu tupu, ambayo mtu asiyejua kwaya angedhani ni mtu anayetafuta wimbo na kuukosa. Mwishoni kukawa kimya. Paluku alikawia humo ndani kidogo. Alipotoka alijifuta uso kwa kiganja, akasema kuna joto, akarudisha kidude, akaenda zake. Lori liliondoka kesho yake.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe, maana hadithi hii ingeweza kuishia vizuri kama si adhuhuri moja ya mwezi wa kumi na mbili. Gaëlle, soprano wa mwisho aliyestahili kuitwa soprano, alikuwa anahamia Kolwezi kwa mjomba wake. Alisimama uani kwa Edmond na begi begani, dereva wa gari alilopata akipiga honi barabarani, na wimbo wa Noeli haukuwa umeingizwa bado. Edmond akabonyeza. Kioo kikaandika kwa Kifaransa kwamba hakuna nafasi.

"Maestro, anaenda kuniacha," Gaëlle alisema.

"Ngoja, mama, ngoja kidogo."

Akapitia orodha haraka: alto hii hapana, besi hii hapana. Baada ya nyimbo za Paluku akakuta kitu kimoja cha ziada, kirefu, ambacho hakukijua. Akasikiliza. Kitanda kililia. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya Paluku, chini kabisa, siyo ya kuimba: "Mbambu." Akanyamaza, akavuta pumzi ile yake yenye kishindo.

Edmond akasimamisha.

Mbambu ni nani? Hakumjua Mbambu yeyote. Alijua tu kwamba Wanande hupeana majina kwa zamu ya kuzaliwa na kwamba huko kwao Mbambu wamejaa tele. Huyu basi ni Mbambu mmoja wapo, mwanamke, na mwanamume haiti jina la mwanamke kwa sauti ile akitaka kumwuliza bei ya maharage. Moyo wa Edmond ulimwuma kwa ajili ya mama Abigaëlle. Kidude hiki hupita mikononi mwa kwaya nzima. Kesho keshokutwa mama wa watu atakishika, ajifunze alto yake, kidole kiteleze, asikie mumewe akimnong'oneza mwanamke mwingine. Honi ikalia tena.

Akafuta.

Na ninyi mnaomlaani sasa, subirini kidogo. Mtu yule alijisikia vizuri. Aliamini amemsitiri rafiki na kumlinda mwanamke asiye na kosa, na nafasi ya wimbo wa Noeli imepatikana juu yake. Gaëlle aliimba mara moja, akakimbilia gari. Jioni Edmond alimwangalia mkewe akichambua majani ya sombe, akajiona mtu mwema.

Habari ya Paluku ilifika siku chache kabla ya Noeli, kwa simu ya tajiri wake. Alikuwa ameshamtoa mama yake. Walikuwa njiani kurudi, kwenye gari la abiria, watu wenye silaha wakalimiminia risasi. Mama na mwanawe walizikwa huko huko, pembeni mwa barabara, na watu wasiowajua.

Kilio kilifanyika Naviundu bila maiti. Viti vya kuazima vilipangwa uani, turubai likafungwa kwa ajili ya mvua, na wanawake walikaa na mama Abigaëlle sakafuni kwenye mkeka. Kwaya Ebeneza iliimba kwa sauti zilizobaki. Kila wimbo ulikuwa na shimo katikati, pale ambapo sauti ya tatu ilipaswa kuwa, na Edmond akiongoza kwa mikono alihisi mikono yake ikitumbukia humo. Kisha shemasi wa kanisa akasimama kusoma wasifu wa marehemu kwenye karatasi, kwa Kiswahili chake cha mimbari.

"Ndugu yetu Paluku ameacha mjane, mama Mbambu, na binti mmoja, Abigaëlle."

Edmond alidhani shemasi amekosea. Akageuka kwa Claudine.

"Mbambu ni nani?"

"Si mama Abigaëlle? Njo jina yake."

"Ulijuaka?"

"Banamuke tunajuanaka, papa Edmond. Paluku peke yake njo alimuitaka vile. Kuna nini? Uso yako imegeuka."

Miaka yote hiyo Edmond alikuwa amejua mama yule anavuta pumzi wapi, anaanguka nusu noti wapi, anapenda kusimama upande gani, na hakuwahi kumwuliza jina. Aliinua mikono kuanzisha wimbo uliofuata kwa sababu watu walimngojea. Alianzisha juu mno, wanawake wakakwama katikati, ikabidi waanze upya mbele ya mjane.

Hakumwambia mjane kwamba amefuta maneno yale. Siku ya kwanza aliona si wakati wake. Siku zilizofuata aliona vivyo hivyo. Alijituliza kwamba mama wa watu hajui kitu, na kwamba usichokijua hakikuumizi. Huo ni upumbavu, lakini ni upumbavu mtamu, na Edmond aliulamba kila asubuhi. Noeli ilipita bila wimbo wa Noeli. Soprano ya Gaëlle ilikaa ndani ya kidude, haina wenzake.

Akabaki na kwaya ya kuokoa, au ndivyo alivyojiambia. Mwezi wa pili alimpata Doudou, mchomeleaji wa vyuma aliyekosa vyuma vya kuchomelea, mwenye sauti ya juu na nafasi ya kutosha. Akamvisha ile kamba ya kiatu shingoni.

"Usikilize huyu muntu mupaka akuingie mu damu," alimwambia. "Kila kintu anafanya, na weye ufanye."

"Eko nani?"

"Sauti ya tatu."

Doudou alikuwa mtiifu kuliko ilivyohitajika. Hakujua noti, hakumjua Paluku, na hakuwa na namna ya kutenganisha wimbo na mwimbaji. Alikaa na kidude kile barazani kwake, akakariri. Alipomwimbia Edmond peke yake uani, Edmond alisikia sauti ya tatu imerudi mahali pake, shimo limefukiwa, akafurahi hadi akasahau kusikiliza vizuri. Furaha humfanya mwalimu kiziwi.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi mchana kanisani. Waliokuja walikuwa wachache, wamekonda, wengine wameketi kwa sababu ya njaa. Mama Abigaëlle alikuja, mara ya kwanza tangu kilio, kitambaa cheusi kichwani. Akasimama mahali pake pa siku zote, mstari wa mbele, mgongo kwa wanaume. Edmond hakuthubutu kukutana na macho yake. Alitoa noti, akashusha mkono.

Doudou akaingia. Katikati ya mstari akavuta pumzi kwa kishindo. Akapanda kwenda noti ya juu, akachelewa kidogo, gunia mgongoni, akafika.

Mama Abigaëlle aliacha kuimba. Aligeuka taratibu, mwili mzima, akiangalia kwa wanaume, na uso wake kwa muda ule mfupi ulikuwa uso wa mtu anayepokea mgeni stesheni. Kisha akamwona Doudou. Doudou, maskini, akadhani amekosea, akaongeza bidii, akavuta pumzi ile kwa nguvu zaidi.

Mwanamke hakupiga kelele. Aliketi chini pale pale, kwenye saruji, akaziba masikio kwa mikono miwili. Kwaya ikanyamaza sauti kwa sauti, ya mwisho ikiwa ya Doudou.

"Nimefanya mubaya, maestro?" aliuliza. "Njo vile inaimba mu mashine."

Edmond alitaka ardhi immeze. Ardhi ya Katanga imeshameza watu wengi wasiotaka, lakini anayetaka haimtaki. Claudine alimshika mama Abigaëlle mkono, akamtoa nje.

Mama Abigaëlle alikuja nyumbani kwa Edmond Jumatatu, mchana, mvua ikiwa imekatika kidogo. Claudine alimpa kigoda barazani, akawatazama wote wawili, akachukua ndoo na kusema anaenda kisimani. Mama Abigaëlle alikuwa ametulia. Hilo ndilo lililomtisha Edmond.

"Maestro, sikuya kukugombeza," alisema. "Ule kijana haiko kosa yake. Naomba unipe mashine kidogo tu. Nisikilize hapa hapa, nikurudishie."

Kidude Edmond alikuwa amekichukua kwa Doudou jioni ile ile ya Jumamosi. Alikivua shingoni, akampa, akamwonyesha kitufe na sikio lililo hai. Akaweka na betri mpya kabisa, ambayo hakuwa ameianika popote.

Mjane alisikiliza nyimbo zote za Paluku. Hakulia. Midomo yake ilienda na alto, kimya kimya, akiimba pembeni ya mumewe kama walivyozoea, mmoja ana sauti na mwingine hana. Wimbo wa mwisho ulipokwisha aliinua kidole, kama anayesema ngoja, bado. Akangoja. Uso wake ukakunjamana. Akabonyeza kurudi nyuma, akasikiliza mwisho wa wimbo tena, akangoja tena.

"Kisha hapa kunakuya nini?" aliuliza.

"Kunakuya soprano. Gaëlle."

"Hakuna fasi anaongea?"

"Hapana," Edmond alisema. "Nyimbo tu."

Mama Abigaëlle akatoa waya sikioni, akauzungusha kidoleni polepole.

"Alinipigia simu, maestro. Siku alifika Butembo. Akaniambia: nimekuachia maneno ku mashine ya maestro, nyuma ya nyimbo zote. Ku simu sitaweza kuisema, niko na haya. Nikikawia, umwombe maestro. Nikamwambia: sitamwomba, utarudi, utaniambia wewe mwenyewe ku mukeka. Na kisha bakaniambia amekufa, nikasema: sitasikiliza. Nikisikiliza, itakuwa imeisha, sitabakia na kitu ya kungojea. Niliichunga vile bantu banachungaka unga ya mwisho. Mupaka Jumamosi."

Mvua ilianza tena kudondoka kwenye bati. Edmond alitafuta uongo wa pili na hakuupata, na nafikiri hata angeupata ulimi usingeubeba.

"Nilifuta," alisema.

Alimweleza yote, akiangalia miguu yake. Gaëlle na begi lake. Honi. Nafasi iliyokwisha. Jina alilolisikia, na alivyolifikiria.

"Ulifikiria eko na muke mwingine."

"Ndiyo."

"Na muke mwingine njo mimi."

"Sikujua jina yako, mama. Unisamehe. Sikuijua."

Mama Abigaëlle alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kweli, kama cha mtu aliyesimuliwa ujinga wa mtoto, na kilikatika ghafla. Claudine baadaye alisema alikisikia tangu kisimani akadhani mambo yameisha kwa heri.

"Alisema nini, maestro?"

"Sijui. Sikusikiliza mupaka mwisho. Sikusikiliza hata mwanzo."

"Ulisikia nini? Hata kidogo."

"Kitanda. Akakohoa. Akasema jina yako."

"Kisha?"

"Akavuta pumzi. Kisha nikafuta."

Kidude kilikuwa mapajani mwa mama Abigaëlle, kioo chake kikiwaka mstari wake mmoja, kikazimika. Edmond alifikiri atamtukana, na alimwomba Mungu iwe hivyo, maana tusi lina mwisho. Alimwambia achukue mashine, ni yake, aende nayo, nyimbo zote zibaki kwake, kwaya ife kama inakufa. Hakuonekana kusikia. Alipoinua uso, alikuwa na jambo moja tu.

"Jina yangu aliisema namna gani?"

"Namna gani?"

"We ni maestro. Unajuaka kuchunga sauti ya bantu. Hakuna muntu huku ananiita vile. Isema, vile alisema."

Miaka yote ya kusikiliza vifua vya watu, na sasa Edmond alirudi mwenyewe ndani ya adhuhuri ile, begi, honi, kitanda kikilia, kikohozi. Alikuwa amelisikia. Lilikuwa limepita sikioni kwake, la kushoto. Akafungua mdomo.

"Mbambu," alisema.

Mama Abigaëlle alitikisa kichwa. "Haiko vile. Tena."

"Mbambu."

"Chini. Anaongeaka chini. Tena."

Claudine alirudi na ndoo kichwani, amelowa, akasimama mlangoni pa ua bila kuitua. Mumewe alikuwa akiita jina moja, sasa kwa sauti ya besi, sasa akiipandisha kuitafuta sauti ya tatu asiyoweza kuifikia, sasa akinong'ona, jasho likimtoka. Majirani walichungulia juu ya ukuta wakidhani kuna mtu amepotea. Mwanamke aliyeitwa alikuwa ameketi mbele yake, amefumba macho, na kila mara alitikisa kichwa.